Nyeri na Uwindaji wa Kadi Adimu

Kabla kadi ya mchezaji haijawa tunu ya kunadiwa kwa mamilioni, ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichotiwa ndani ya pakiti ya sigara ili sigara zisipondeke. Na wenye viwanda, walipotambua ya kuwa karatasi ile tupu yaweza kuwavuta wanunuzi, wakaipiga chapa picha za majemadari, wanyama na mabingwa wa michezo. Katika msimu wa 1910 hadi 1911 watengenezaji wa sigara wa Canada walitoa kadi za wachezaji wa hoki ya barafu, na kutokana na asili hiyo duni ikakua biashara ambayo mwaka 2021 iliiona kadi moja ya Wayne Gretzky, iliyochapwa mwaka 1979, ikiuzwa kwa dola milioni 3.75 za Marekani.

Hoki ya barafu haina historia katika miji ya Mlima Kenya, walakini njia ya wakusanyaji imefika Nyeri kwa sababu ya mtu mmoja ambaye sura yake ilisafiri ulimwenguni katika pakiti hizo. Kampuni ya sigara ya Ogden's ya Liverpool ilimtia Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, miongoni mwa majemadari wa Vita vya Makaburu, kisha baina ya 1911 na 1914 ikatoa mifululizo ya kadi za maskauti. Mzee huyo alihamia Nyeri mwaka 1938, akakaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan ya Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa zamani katibu wake, naye ndiye aliyejenga Treetops mwaka 1932. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro, chini ya jiwe lenye duara na nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba msafiri amekwisha rejea nyumbani. Tangu hapo maskauti wa mataifa mengi hulizuru kaburi hilo, na kama ilivyo desturi yao popote wakutanapo, hubadilishana beji na skafu.

Aghalabu mgeni katika sanaa hii hudhani kwamba ukongwe ndio uletao thamani, lakini sivyo. Kadi za Ogden's zina umri wa zaidi ya karne, ila zilichapwa kwa wingi mno, na watoto wa Uingereza wakazihifadhi katika albamu, hata leo si shida kuzipata. Kinyume chake ni stempu za Mafeking za mwaka 1900, zilizotolewa ndani ya mji huo wa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kwa ufundi wa picha ya buluu, moja ikiwa na sura ya Baden-Powell na nyingine ya kijana Goodyear juu ya baiskeli. Hizo zilikuwa chache tangu siku ya kuzaliwa kwazo, na kwa kuwa waghushi nao wamezitamani, mnunuzi mwenye hekima hatosheki na kuitazama karatasi, bali hudai silsila yake: imetoka kwa nani, ikapita mikono ya nani, na kwa ushahidi gani.

Lakini iko namna nyingine ya uadimu, nayo Nyeri yaijua kuliko miji mingi: uadimu uliozaliwa na hofu. Tarehe 26 Julai 1952 maelfu ya watu walikusanyika Nyeri katika mkutano wa chama cha Kenya African Union (KAU) kumsikiliza Jomo Kenyatta; tarehe 20 Oktoba ikatangazwa Hali ya Hatari, na Juni 1953 chama kikapigwa marufuku. Kadi ya uanachama, iliyokuwa fahari ya mwenyewe, ikageuka kuwa ushahidi wa kumtia matatani. Kipande nacho, kile cheti ambacho tangu 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kibati, kilichukiwa kiasi cha kwamba ni wachache waliokuwa na haja ya kukitunza kilipokwisha kazi yake. Hata kumbukumbu za kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi, aliyehukumiwa Nyeri mwaka 1956, zilikaa mafichoni miongo mingi, zikatolewa kitabuni mwaka 2017.

Basi soko la mnada ni mizani isiyokamilika. Hulipa sana pale tu penye wanunuzi wengi wenye mali, na maskauti wametapakaa duniani kote, ilhali kadi ya KAU iliyokunjwa ndani ya Biblia ya Kikuyu haina mnadi wa kuitangaza. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, kadi hiyo ya KAU yaeleza jambo ambalo ile ya skauti haiwezi kulieleza, yaani nani alithubutu, na alithubutu lini.

Wenye masanduku ya wazee wao Karatina, Othaya, Nanyuki au Embu hawana budi, kabla ya kuuza au kutupa, kuandika jina la mwenye karatasi, kijiji chake, na jinsi ilivyookoka. Pasipo maandishi hayo, hata Nyaraka za Taifa kule Nairobi zitapokea karatasi tu. Pamoja nayo, zitapokea historia ya mtu.