Kitabu cha Flash kisichokuwa na CD

Ndugu zangu, nimepotea siku nyingi. Si kwamba nimeishiwa ya kusema, ni kazi tu. Wanaofanya kazi chumba cha habari wanaelewa: ukisema leo unapumzika, mara feri imekwama, mara waziri anakuja, mara kuna mkutano wa ghafla. Leo nimepata nafasi, na jambo lenyewe nimekaa nalo wiki tatu.

Lilianza hivi. Mhariri wangu aliniita akasema gazeti linataka habari za mtandaoni ziwe na michoro inayotembea. Si video, ni michoro: ramani inayoonyesha chombo kilipita wapi, bei ya pamba inavyopanda na kushuka, mambo ya namna hiyo. Akaniuliza kama naweza kujifunza. Nikasema ndiyo (mwandishi wa mkataba hasemi hapana), nikaomba wiki mbili, nikatoka kwenda kutafuta kitabu cha kuanzia. Najua wapo watakaosema kitabu cha nini wakati YouTube ipo. Mimi video ya dakika 40 ambayo dakika sita za kwanza mtu anajitambulisha inanishinda. Basi nikampigia kaka yangu, maana zamani yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta kwetu Kirumba.

"Shikamoo kaka. Ile programu ya katuni uliyokuwa unachezea zamani, ulijifunza kwa kitabu gani?"

"Marahaba. Unauliza kipi sasa, kile kilichonila hela au kile kilichonifundisha?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina habari mkononi.

Programu yenyewe ni Flash. Kwa ambao hamkuikuta, ilitoka mwaka 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa FutureWave, na fundi wake mkuu alikuwa Jonathan Gay. (Sisi wa Mwanza mwaka 1996 tunaukumbuka kwa jambo jingine kabisa, nitalifikia.) Macromedia wakainunua kampuni hiyo, wakaifupisha programu jina ikawa Flash, na kuanzia hapo matoleo yakafuatana mbio mbio: la 5 mwaka 2000, MX mwaka 2002, MX 2004 ambalo, usiniulize kwa nini, lilitoka 2003, halafu la 8 mwaka 2005, mwaka ambao Macromedia nao walinunuliwa na Adobe.

Siri yake ilikuwa ni wepesi. Picha ya kawaida kompyuta huihifadhi doa kwa doa. Flash ilihifadhi maelezo ya mstari: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi ya bluu. Kwa hiyo katuni ya nusu dakika iliweza kuwa nyepesi kuliko picha moja ya harusi. Jambo hilo kwa Mwanza ya miaka hiyo lilikuwa kubwa sana, kwa sababu kebo ya SEACOM ilianza kazi Tanzania Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitushukia kwa dishi la setilaiti. Unalipia saa yako mgahawani, unafungua ukurasa, picha inateremka taratibu kama pazia, na pazia halijafika chini muda umekwisha. Kaka alikuwa akihudumia wateja katika mgahawa mmoja wa aina hiyo mjini mwaka 2004, umri miaka 20. Anasema siku alipoona ukurasa ambao mchoro wake umefunguka mara moja na unatembea, alidhani mashine imeharibika.

Programu haikuwa tatizo. Nadhani mnajua ilivyopatikana. CD zilizoandikwa kwa kalamu ya maka zilikuwa zikizunguka mji mzima na hakuna aliyeuliza leseni. Kitabu ndicho kilichokuwa adimu. Maduka ya vitabu ya Mwanza yaliuza vya shule na madaftari. Mtu aliyetaka kitabu cha kompyuta alikuwa na njia tatu: amtume mtu Dar, amtume mtu Nairobi kwa basi, au asubiri bahati kwenye vitabu vya mitumba.

Na vitabu vyenyewe vya kumfundisha anayeanza vilikuwa vya namna tatu, tofauti ambayo hakuna aliyemweleza kaka kabla hajatoa hela. Kuna yale magogo ya kurasa elfu na zaidi, kama Flash Bible ya Robert Reinhardt na Jon Warren Lentz, ambayo yana kila kitu na kwa hiyo anayeanza hajui pa kuanzia. Kuna vitabu vya masomo, somo la kwanza hadi la mwisho, kila somo likikuambia ufungue faili fulani kutoka kwenye CD iliyobandikwa nyuma. Na kuna vile vyembamba vya picha, hatua moja mchoro mmoja, kama vya mfululizo wa Visual QuickStart Guide, ambavyo kwa upande wa Flash mwandishi wake alikuwa Katherine Ulrich.

Kaka alinunua cha namna ya pili. Alikikuta kwa muuzaji mmoja wa mitumba Mlango Mmoja, kitabu cha Flash 5, jalada bado linang'aa. Akalipa 18,000, na mshahara wake wakati huo ulikuwa 45,000 kwa mwezi. Amefika nyumbani, amefungua nyuma, amekuta mfuko wa plastiki uliochanwa. CD haipo. Akarudi. Muuzaji akamwambia, "Kijana, umenunua kitabu au umenunua CD?"

Alijipa moyo akaanza somo la kwanza. Linasema fungua faili lililoko kwenye CD. La pili vile vile. La tatu lilikuwa la kumalizia mchoro ulioanzwa kwenye faili la somo la pili! Alijaribu kubuni mafaili hayo kwa kuangalia picha ndogo za kwenye kurasa, na hapo akagonga ukuta wa pili. Kitabu kilikuwa cha toleo la 5, programu yake ilikuwa MX 2004. Kitabu kinasema fungua paneli ya Instance, haipo. Tangu MX paneli nyingi kama hizo zilikusanywa katika paneli moja ya Properties. Kitabu kinasema ukitaka kuandika amri za ActionScript weka hali ya Normal, ambapo mtu asiyejua kuandika programu anachagua amri kwenye orodha na mashine inamwandikia. Katika MX 2004 Macromedia walikuwa wameiondoa hali hiyo. Waliirudisha kwa jina jingine, Script Assist, katika toleo la 8, baada ya wanaoanza kulalamika. Kaka hakujua lolote kati ya hayo. Alidhani yeye ni mjinga. Miezi miwili anajiona mjinga, na kitabu kimelala pale mezani.

Hili la kujiona mjinga kwa sababu ya kitabu limenifanya nimkumbuke bibi yetu wa Misungwi. Bibi alijifunza kusoma akiwa na watoto wanne, katika madarasa ya ngumbaro, na mpaka leo kitabu chake cha kwanza anakiita "cha pamba". Nilidhani ni mazoea yake tu. Kumbe ni historia, na ni ya hapa hapa. Mwaka 1968 serikali, pamoja na UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake makuu Mwanza, ukihudumia mikoa ya kanda hii ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na ile iliyoitwa Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu mzima hafundishwi kusoma kwa habari za sungura na fisi. Mkulima wa pamba apewe kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa migomba cha ndizi, mfugaji cha ng'ombe. Anasoma neno "mbegu" na kesho asubuhi anaishika. Majaribio hayo yakaingia katika kampeni ya nchi nzima. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39. Tena mwaka 1974 kikaanzishwa hapa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua wasisahau. Kama mwandishi wa habari naona aibu kidogo kwamba nilimaliza chuo Malimbe bila kujua hilo.

Nalitaja kwa sababu swali la hao watu wa 1968 ndilo swali la kaka: kitabu cha anayeanza kianzie wapi? Cha Flash 5 kilianzia kwenye mafaili ya mtu mwingine, biashara ya kubuni ya huko Marekani, na kikamwongoza mwanafunzi abonyeze hapa na pale. Ukiondoa mafaili na ukihamisha vitufe, hakibaki kitu. Wala siwalaumu waandishi wake sana. Waliandika kwa ajili ya mtu aliyenunua programu dukani mwezi ule ule, mwenye CD yake. Hawakuandika kwa ajili ya Mlango Mmoja.

Kitabu cha pili kilikuja mwaka 2005 na binamu yetu aliyekuwa akipeleka biashara Nairobi. Safari hii kaka aliandika kwenye karatasi masharti mawili: kiwe cha MX 2004 na kisiwe na CD kabisa. Binamu akamletea cha Ulrich. Hakina rangi, hakina maneno ya kumsifu msomaji. Lakini mtu anaanza na ukurasa mweupe, anachora mwenyewe, na mapema kabisa anafika kwenye mpira unaodunda.

Naomba nikae kidogo kwenye huo mpira. Karibu kila anayefundisha katuni huanza nao. Preston Blair, mchoraji wa Marekani aliyeandika kitabu cha mwongozo miaka ya 1940, wakati kila picha inachorwa kwa mkono, alikuwa akifundisha mambo hayo hayo ya uzito na kasi. Ukichora mpira ukishuka kwa hatua zilizo sawa, unaonekana kama unashushwa na kamba. Inabidi hatua zibanane juu, ambako mpira unasita, na ziachane chini, ambako unakwenda kasi. Ukishalijua hilo unajua jambo ambalo halikai kwenye kitufe chochote. Flash ilichoongeza ni kwamba unachora picha ya mwanzo na ya mwisho, za katikati inazijaza yenyewe, na wewe unaiambia tu wapi isite na wapi ikimbie.

Kaka hakuchora mpira. Alichora meli.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, imejaza watu kupita kiasi. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kaka alikuwa na miaka 12, na anasema alichokisikia Kirumba wiki zile zaidi ya vilio ni ubishi. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilikaa imeelea, tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu wanagonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Watu wazima walibishana miaka: kwa nini itobolewe, ingeelea mpaka lini, hewa ilikuwa wapi. Kila mtu alieleza kwa mikono na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Basi mwaka 2006, ikitimia miaka kumi, kaka alitengeneza mchoro wa sekunde 50. Meli inaonekana kwa ubavu, imekatwa kama papai. Inaanza kuinama polepole, polepole sana, halafu ghafla haizuiliki. Ule mpira unaosita na kukimbia. Kisha iko tumbo juu, na hewa imepakwa rangi ya njano chini ya bati. Kisha tundu. Njano inatoka, maji yanapanda. Hakuna sauti, hakuna maandishi isipokuwa tarehe. Alitaka mtu auweke mtandaoni. Hakupata mtu, mgahawa ukafungwa, akaenda kufanya kazi nyingine, na sasa anauza vipuri vya injini za boti.

Yaliyofuata mnayajua. Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini Flash haitaingia kwenye simu zake. Mwaka 2017 Adobe wakatangaza kwamba wataizika, na tarehe 31 Desemba 2020 wakaizika. Vitabu vyote vile, magogo na vyembamba, vikawa vya programu isiyofunguka tena kwenye kivinjari chochote cha kawaida.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa kaka, Igoma. CD yake ilikuwa kwenye bahasha, imekwaruzika lakini inasomeka. Nikaufungua mchoro kwa Ruffle, programu ya bure inayoigiza Flash, ile ile ambayo tangu Novemba 2020 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive inaitumia kuonyesha katuni za zamani. Ulicheza wote. Shemeji alikuja akasimama nyuma yetu na sufuria mkononi, akaangalia mpaka mwisho, akarudi jikoni bila kusema neno.

Nikamwambia kaka kwamba nimekuwa nikisoma habari za MV Bukoba kila mwezi Mei tangu nianze kazi, na hakuna iliyonionyesha ile hewa.

"Pale inapoanza kuinama," akasema, "nimeharakisha. Ilitakiwa isite zaidi."

Mhariri nimemwonyesha. Ameniambia tuuchore upya kwa zana za sasa, jina la kaka liwekwe, na wiki mbili zimekuwa mwezi. Zana nimechagua ya bure. Kitabu nimeazima kile cha Ulrich, cha mwaka 2003. Vitufe vyake vyote navipita, nasoma sehemu za mwendo tu. Kaka amenipa kwa sharti moja, kwamba nisimwazime mtu mwingine yeyote. Cha Flash 5 amesema nikitaka nichukue moja kwa moja.