Kagera haina reli, lakini treni ya Mwanza inaihusu: Fahamu uhusiano wake na SGR inayojengwa

Zunguka Bukoba na Muleba nzima, hutakuta stesheni hata moja. Kwa mkulima wa kahawa wa Kamachumu, reli iko ng'ambo ya maji, Mwanza, ilikofika mwaka 1928 ikitokea Tabora.

Lakini Kagera haikuwahi kuwa nje ya mtandao wa reli. Kipande chake cha mwisho kilikuwa majini tu.

Kabla ya Mwanza, Kisumu

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za shirika hilohilo la reli zikaanza kuzunguka ziwa. Mzigo wa Bukoba ukawa unavuka hadi Kisumu, kisha unapanda treni kwenda Mombasa. Yaani eneo lililokuwa chini ya Wajerumani lilitegemea reli ya Waingereza! Vita vilipoanza, njia hiyo ikageuka. Juni 1915 askari wa Uingereza walipanda meli Kisumu wakaja kuishambulia Bukoba.

Behewa linapandaje meli?

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Meli ya mabehewa ina reli juu ya sitaha yake. Inafunga gatini, daraja linashushwa, reli za nchi kavu na za melini zinakutana, kisha kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ndani. Upande wa pili yanavutwa kutoka. Mzigo haushushwi, gunia haliguswi.

MV Umoja, iliyojengwa miaka ya 1960, ni ya aina hiyo. Inabeba takriban tani 1,200. Pacha wake, MV Uhuru, iko Kenya. Mwaka 2018 Umoja ilirudi kwenye safari ya Mwanza–Port Bell, Uganda, baada ya kusimama kwa miaka mingi.

Upande wa Kagera, gati ya kazi hii iko Kemondo, Bukoba Vijijini, ukiwa barabarani kuelekea Muleba. Wengi tunapita pale tukidhani ni bandari ya ndizi na abiria tu.

Mgawanyo wa 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nalo. Meli zikagawanywa pamoja na treni, na Tanzania ikabaki na Umoja na MV Victoria, ambayo ilikuwa majini tangu 1961. Ndiyo maana kwa miaka mingi tiketi ya meli ya Bukoba ilikuwa biashara ya Shirika la Reli.

MV Bukoba nayo ilikuwa ya shirika hilo. Mei 21, 1996 ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, na mamia ya watu walikufa. Kuna familia Kagera ambazo hadi leo mzee wao hakanyagi meli. Anapanda basi, hata safari iwe ndefu namna gani.

SGR imefikia wapi?

Treni za umeme tayari zinatembea kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa huku kwetu, kipande cha kufuatilia ni Mwanza–Isaka, chenye kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishana. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Juni 2021, na mwaka 2025 ujenzi ulikuwa bado unaendelea.

Kama unapenda kutazama treni, tofauti utaiona kwa macho. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na vichwa vyake vinatumia dizeli. SGR ni milimita 1,435, na juu yake kuna nyaya za umeme. Ile yenye pua iliyochongoka, watu wameshaibatiza Mchongoko.

Tofauti hiyo ya milimita 435 inaonekana ndogo, lakini kwa Kagera ndiyo habari kubwa. Reli za kwenye sitaha ya Umoja ni za upana wa zamani, kwa hiyo behewa la SGR haliwezi kuingia. Kahawa au saruji ikisafiri kwa SGR, italazimika kuhamishwa Mwanza kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Kila kuhamisha ni vibarua, muda na pesa. Kontena linaweza kupunguza usumbufu, mradi kuwe na kreni Mwanza na upande wa Kagera pia.

Mshindani yuko barabarani

Wakati reli ikisubiriwa, lori halijasubiri. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha kwa anayetoka Mwanza kwenda Geita na kuendelea Muleba na Bukoba.

Kwa maoni yangu, abiria hatakosa usafiri. Meli mpya, MV Mwanza, imejengwa kubeba watu 1,200 na tani 400. Swali gumu ni la mzigo mzito, na jibu lake halipo kwenye kasi ya treni. Lipo kwenye gati, Mwanza na Kemondo.