Mgeni Nje ya Ua wa Kazembe

Karibu na mahali ambapo mto Luapula unaingia Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, kiko kisiwa cha wavuvi kiitwacho Chisenga. Masimulizi ya nchi hiyo yasema kwamba hapo ndipo alipokaa Nkuba, mkuu wa Washila, kabla ya Walunda kuja kutoka magharibi katika karne ya 18. Nkuba alimwua mwana wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Kazembe, mfalme wa hao Walunda wageni, akamwomba amlipizie kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimpa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Hivyo Walunda walitoka katika ugeni wakaingia katika uenyeji. Ndugu msomaji atambue jambo hilo mapema, kwa sababu wageni wengine waliowafuata hawakupewa udongo wala maji. Walipewa mahali pa kujenga tu, na hata hapo palikuwa pa kuazima.

Mji wa Kazembe ulikuwa mkubwa kwa sifa. Misafara ya shaba, pembe za ndovu na, hapana budi kusema, watumwa, iliufikia kutoka pande zote. Mwaka 1798 alifika Mreno Lacerda e Almeida, akafariki huko kabla hajaonana na mfalme. Wenziwe walitaka kuendelea hadi Angola, wakazuiwa. Mwaka 1806 walifika Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi Waafrika waliotumwa kutoka Angola. Wakakaa kadiri ya miaka minne kabla ya kupata ruhusa ya kwenda zao. Mgeni aliingia kwa heshima, lakini ufunguo wa kutokea ulikuwa mkononi mwa mwenyeji.

Mtu aliyeyajua hayo kuliko wote alikuwa Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa asili ya pwani. David Livingstone alipofika mwezi wa Novemba 1867, Muhammad alimlaki kwa mizinga ya bunduki, akamkaribisha barazani pake na kumpa kibanda cha kulala. Alikuwa mzee mnene, mweusi, mwenye tabasamu na ndevu nyeupe kabisa. Alikwisha kuishi nchi hizo zaidi ya miaka 10, chini ya Makazembe wanne.

Tuufikiri ukaazi wa namna hiyo. Mji wenyewe, kama ulivyoonekana mwaka huo, ulienea kama maili moja kila upande, vibanda vikitawanyika kati ya mashamba ya muhogo, na ua wa mfalme ukizungushiwa matete. Mgeni alikaa nje ya ua huo, na kila shauri lake kubwa lilimpasa kuingia ndani kuliombea. Kadhalika, ilikuwa desturi kwamba kila Kazembe mpya hujenga mji wake upya. Kwa hiyo, mfalme alipokufa, mgeni hakupotelewa na rafiki tu. Mji wenyewe ulihama, na ahadi za jana zilihitaji kuthibitishwa tena. Muhammad alinyang'anywa mali yake, akawa mateka asiye na minyororo.

Je, Kazembe alikuwa mkatili tu? Historia yatutaka tupime. Ng'ambo ya Luapula, Msiri alikuja kutoka Unyamwezi kama mfanyabiashara, kisha akajifanya mfalme na kukata njia za shaba zilizomtajirisha Kazembe. Na mwaka uo huo wa 1867, Tippu Tip alikuwa amemshinda Nsama, mkuu wa Watabwa, kaskazini-mashariki ya ziwa. Isitoshe, Walunda walijua kwa historia yao wenyewe jinsi mgeni awezavyo kurithi nchi.

Livingstone alimwombea Muhammad ruhusa, nao wakaondoka pamoja mwezi wa Desemba 1867. Mwaka 1869 walifika Ujiji, na huko ndiko Stanley alikomkuta mzee huyo mwaka 1871. Hofu ya Walunda nayo haikuwa ya bure: mwaka 1872 Kazembe Mwonga Sunkutu aliuawa katika mapigano na wafanyabiashara wa pwani.

Tunapowafundisha vijana wetu habari za misafara, aghalabu tunawaonyesha watu wa pwani kama mabwana waliopita bara wakiamuru. Kwenye Mweru, kwa miaka mingi, Mswahili alikuwa mpangaji aliyeamka kila siku akitazama uso wa mwenye nyumba. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Twaifahamu methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini jembe halilimi hewani. Ampaye mgeni jembe hana budi kumpa na udongo. Nachituti aliutoa, na Walunda wakawa wenyeji. Muhammad hakuupata, na miaka yote ile, chini ya wafalme wanne, haikumwondolea ugeni hata kwa siku moja.