Kinga ya Kisheria ya Mtaalamu wa Afya mbele ya Mahakama na Baraza: Historia Inayotazamwa kutoka Majengo, Mpanda

Utangulizi

Majengo ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya mwaka huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na shughuli kubwa za utawala na sheria ziliendeshwa kutoka Sumbawanga, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Umbali huo ndio msingi wa insha hii. Muuguzi, tabibu au daktari anayefanya kazi Mpanda anaweza kufunguliwa mashauri matatu kwa tukio moja: la jinai mahakamani, la kitaaluma mbele ya baraza linalomsajili, na la utumishi mbele ya mwajiri. Kila shauri lina kanuni zake, muda wake na mahali pake.

Insha inafuatilia jinsi kinga za mtaalamu huyo zilivyojengwa katika sheria za Tanganyika na baadaye Tanzania, tangu ukoloni wa Kiingereza hadi mageuzi ya mwaka 2017. Hoja kuu ni kwamba kinga hizo zilikuwepo katika maandishi ya sheria mapema kuliko inavyodhaniwa. Kilichochelewa ni njia ya kumfikishia mtu aliye mbali na Dar es Salaam.

Mizizi ya mwaka 1930 na hukumu mbili za 1943

Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1930 ikichukua nafasi ya kanuni ya India. Mfano wake ulikuwa sheria ya Queensland, Australia, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika Nigeria. Kanuni hiyo, ambayo leo ni Sura ya 16, inamgusa mtoa huduma ya afya katika maeneo manne. Kifungu cha 195 kinahusu kuua bila kukusudia. Kifungu cha 233 kinahusu matendo ya uzembe au ya kutojali, na kinataja waziwazi tiba na upasuaji. Vifungu vya 150 hadi 152 vinahusu utoaji mimba. Kifungu cha 230 kinakwenda upande wa pili: kinamwondolea dhima ya jinai anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa au kwa kuokoa uhai wa mama. Kwa hiyo tangu mwanzo sheria iliweka katika kitabu kimoja shtaka na utetezi wake.

Swali lililobaki lilikuwa la kipimo: kosa la tiba linageuka jinai lini? Jibu lililokuja kuwa na uzito katika makoloni ya Uingereza lilitoka Nigeria. Katika shauri la Akerele, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1943, daktari alikuwa amewachoma watoto sindano za dawa ya buba iliyochanganywa kwa nguvu kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Privy Council ya London ilifuta hukumu hiyo. Iliona kwamba kosa la mara moja la kuchanganya dawa halikutosha kuwa jinai, na kwamba kiwango cha uzembe hupimwa kwa hatari iliyoweza kutarajiwa, si kwa idadi ya waliokufa. Kwa Tanganyika, ambako sindano za buba zilikuwa miongoni mwa tiba zilizowavuta watu wengi hospitalini, shauri hilo halikuwa la mbali. Tena kanuni za adhabu za nchi hizo mbili zilikuwa za ukoo mmoja.

Mwaka huohuo ripoti za Uingereza zilichapisha shauri la Spackman. Baraza la madaktari la nchi hiyo lilikuwa limemfuta daktari kwenye rejista kwa kutegemea uamuzi wa mahakama ya talaka, likikataa kupokea ushahidi mpya aliotaka kuuleta. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba hapakuwa na uchunguzi wa haki. Hukumu hizi mbili zikisomwa pamoja zinatoa nguzo za utetezi wote uliofuata. Mbele ya mahakama, matokeo mabaya peke yake hayathibitishi jinai. Mbele ya baraza, uamuzi uliofanywa mahali pengine hauondoi haki ya kusikilizwa.

Rufaa za Privy Council zilikoma kwa Tanganyika nchi ilipokuwa jamhuri mwaka 1962, lakini misingi hiyo ilibaki. Haki ya kusikilizwa kikamilifu na dhana ya kutokuwa na hatia hadi kuthibitishwa ziliingia katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, nazo ziko katika Ibara ya 13(6).

Upanuzi wa huduma na upweke wa mshtakiwa

Mpanda ya kikoloni ilikua kwa madini ya risasi na kwa tawi la reli kutoka Kaliua lililofunguliwa mwaka 1950. Katika miaka ya 1970 wilaya ilipokea wakimbizi kutoka Burundi, waliowekwa katika makazi ya Katumba na Mishamo. Wakati huo sera ya taifa baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuwa kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini. Kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, mzigo ulibebwa na wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari wasaidizi. Madaktari wasaidizi walifundishwa hata kufanya upasuaji wa uzazi. Mwaka 1977 sheria ya hospitali binafsi ilizuia tiba ya biashara, na kizuizi hicho kililegezwa mwaka 1991.

Matokeo ya kisheria ya historia hiyo hayajasemwa vya kutosha. Katika kipindi hicho karibu kila mtoa huduma alikuwa mtumishi wa serikali au wa taasisi ya dini. Mgonjwa akidai fidia, mwajiri aliweza kushtakiwa na serikali ilitetewa na mawakili wake. Lakini shtaka likiwa la jinai, mwajiri alijitenga na mtumishi akabaki peke yake kizimbani. Serikali iliyomwajiri na kumpangia kituo chenye upungufu wa watu na dawa ndiyo hiyohiyo iliyoendesha mashtaka. Uingereza ilikuwa imelijibu tatizo la upweke huo kwa vyama vya utetezi: Medical Defence Union ya mwaka 1885 na Medical Protection Society ya 1892, ambavyo wanachama wake huchanga ili mmoja akishtakiwa apate wakili. Chama cha Madaktari Tanzania (MAT), kilichoundwa mwaka 1965, kilijengwa kama chama cha taaluma, na wauguzi na matabibu walio wengi katika wilaya kama Mpanda hawakuwa wanachama wake.

Msaada wa umma ulikuja kwa sheria ya mwaka 1969 ya msaada wa kisheria, lakini hiyo ilihusu mashauri ya jinai tu. Aliyeitwa mbele ya baraza kujibu kuhusu leseni hakuwa na wa kumwombea wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipanua uwanja kwa kutambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, ingawa kwa mtumishi mwenye mshahara kigezo cha kutojiweza kiuchumi si rahisi kukitimiza.

Jina la shtaka

Historia ya kanda inaonyesha kwamba jina la shtaka huamua mengi kabla ya ushahidi kusikilizwa. Nchini Kenya, daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa mwaka 2004 kwa mauaji kuhusiana na vijusi vilivyokutwa vimetupwa. Waliachiwa mwaka 2005 baada ya takriban mwaka mmoja. Shauri la muuguzi wa Gachie lilikuwa zito zaidi. Mwanamke alifariki mwaka 2009 akiwa katika gari la muuguzi huyo, akipelekwa hospitali. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilimhukumu kifo kwa mauaji, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikamwachia huru kwa kuwa ushahidi wa mazingira haukufunga mnyororo.

Kwa Tanzania funzo ni la moja kwa moja. Chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, mauaji hayana dhamana, ilhali kuua bila kukusudia kuna dhamana. Shtaka la kifungu cha 233 ni jepesi zaidi kuliko yote mawili. Kifo kilekile cha mama mjamzito kinaweza kuandikwa kwa namna yoyote kati ya hizo. Wakili anayefika mapema anaweza kuhoji uchaguzi huo. Anayefika baada ya maelezo ya onyo kuchukuliwa hukuta sehemu kubwa ya kesi imekwisha kujengwa kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe.

Kuna pia njia isiyopita mahakamani kwanza. Vifungu vya 7 na 15 vya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 vinawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, kwa masharti ya kuandika sababu na kumfikisha mahakamani. Katika miaka ya 2010 amri za aina hii dhidi ya watumishi wa afya ziliripotiwa sehemu mbalimbali za nchi, na MAT ilizilalamikia hadharani. Sharti la kuandika sababu ndilo kinga, lakini ni kinga ya mtu anayelijua.

Leseni: kutoka orodha hadi shauri

Sheria za kikoloni ziliona rejista kama orodha ya wenye sifa. Sheria za karne hii zimeigeuza leseni kuwa jambo linalohuishwa na linaloweza kusimamishwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inasimamia Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Sheria namba 11 ya 2017 inawaweka madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa mara ya kwanza jina lenyewe la sheria lilitambua kada zilizokuwa zikitibu vijijini kwa miongo mingi. Utambuzi huo ulileta ulinzi wa jina na pia wajibu wa kujibu tuhuma.

Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulionyesha jinsi njia hizi zinavyoweza kuendeshwa sambamba. Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamuru mgomo ukome. Rais wa MAT alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa tuhuma za kukaidi amri hiyo, na usajili wa muda wa madaktari waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo ukasitishwa. Mgogoro mmoja wa kazi ulizaa shauri la kazi, la jinai na la leseni.

Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamzuia mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa jambo ambalo kimsingi ndilo lililoko mbele ya mahakama ya jinai. Maneno ya kifungu hicho yanamlenga mwajiri. Mtumishi anaweza basi kusubiriwa na mwajiri na asisubiriwe na baraza, akalazimika kueleza mbele ya baraza yale ambayo wakili wa jinai angemshauri ayahifadhi. Hapo ndipo maana ya Spackman inaporudi: baraza halina budi kufanya uchunguzi wake kikamilifu, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapitia maamuzi yaliyokiuka haki asili.

Hitimisho

Kinga ya mtaalamu wa afya haipaswi kusomwa kama ngao dhidi ya wagonjwa. Mwaka 2007, katika taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishiwa upasuaji, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Jamii iliyoona hayo ina haki ya kudai majibu. Familia ya Majengo iliyopoteza mama nayo iko mbali na baraza kwa umbali uleule wa mkunga anayetuhumiwa. Asiyeweza kufikisha malalamiko kwenye baraza huenda polisi au kwa mkuu wa wilaya, na jambo la taaluma hugeuka jinai kwa sababu ya njia iliyokuwa karibu.

Kwa hiyo udhaifu uliobainika hauko katika kipimo cha jinai, kilichowekwa wazi tangu 1943, wala katika haki ya kusikilizwa, iliyomo katika Katiba. Uko katika mpangilio wa taasisi: mabaraza yako mbali, msaada wa kisheria haukujengwa kwa ajili ya shauri la leseni, na mwajiri hujitenga pale tu shtaka linapoitwa jinai. Sheria ilipeleka zahanati Mpanda nusu karne kabla ya kupeleka utetezi wa wanaozihudumia. Kusogeza uchunguzi wa kitaaluma karibu na mikoa kungemnufaisha mlalamikaji na mlalamikiwa kwa pamoja, kwa kuwa wote wawili wamekuwa wakiisubiri haki ileile mwisho wa reli ileile.