Kutoka Gazeti la Ukutani Hadi Blogu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo la historia, lakini lisiwe la kale mno hata vijana walioko madarasani sasa wakalipita bila kulisoma. Nimechagua historia ya blogu, yaani zile kurasa za intaneti ambamo mtu binafsi huandika habari na fikra zake, ya karibuni ikakaa juu na ya zamani ikashuka chini. Wapo watu wa rika langu waliozipenda kuliko magazeti. Swali langu ni moja tu: kwa nini?

Tuliosoma hapa mwishoni mwa miaka ya tisini tunalikumbuka gazeti la ukutani, karibu na mlango wa bwalo. Makala haikubandikwa mpaka mwalimu mlezi aitie sahihi, na aghalabu ilirudi imekatwakatwa kwa wino mwekundu. Lakini wengi wetu, tuseme kweli, hatukusoma makala zenyewe. Tulisoma pambizo, ambako wanafunzi walijibizana kwa penseli: huyu akimsahihisha mwandishi, yule akimtetea, mwingine akiuliza nyama ya Jumamosi imekwenda wapi. Ukizielewa pambizo zile, umekwisha kuielewa nusu ya habari ya blogu.

Nusu nyingine ni ya ufundi. Kurasa za intaneti zilikuwapo tangu mwanzo wa miaka ya tisini, lakini aliyetaka wake ilimpasa ajue lugha ya kompyuta ya kuupangia, na kila alipoongeza habari aupange upya kwa mkono. Jina "weblog" lilitungwa na Mmarekani Jorn Barger mwezi Desemba 1997. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa mzaha, likabaki "blog". Mwezi Agosti mwaka huo huo kampuni ndogo ya San Francisco, Pyra Labs, ikatoa programu ya Blogger. Mtu aliandika ndani ya kisanduku, akabonyeza kitufe, basi. Hakumwomba mtu sahihi. Mwaka 2003 Google ikainunua kampuni hiyo, na mwaka huo huo ikatoka WordPress.

Wapo wanaodhani kwamba wepesi huo peke yake unatosha kueleza mambo. Sikubaliani nao. Kalamu na karatasi ni rahisi zaidi, na wangapi huandika? Watu hukimbilia chombo kinachowapa lile walilonyimwa kwingine. Vita vilipoingia Iraki mwaka 2003, kijana wa Baghdad aliyejiita Salam Pax alisomwa duniani kote, kwa kuwa alieleza mambo ya mtaani kwake. Nchini Kenya, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, baada ya uchaguzi, wasomaji waligeukia blogu ya mwanasheria Ory Okolloh, wakampelekea habari za huko waliko. Kutokana na hayo ikazaliwa Ushahidi mwezi Januari 2008.

Kwetu Tanzania njaa ilikuwa ya namna nyingine. Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe mwaka 2004, akaiandika kwa Kiswahili na kuwahimiza wengine wafanye hivyo. Mwezi Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianza blogu yake akiwa Helsinki, Macha akimsaidia. Picha zake zilikuwa za harusi, misiba, mikutano na watu wa mitaani. Mtanzania aliyekuwa akibeba boksi Ulaya aliziona akirudi kazini usiku, akaacha maoni yake chini. Michuzi alijiita Ankal, na wasomaji aliwaita wadau. Mdau si msomaji tu; ana sehemu yake katika jambo. Penseli ya pambizoni ilikuwa imerudi.

Nami nilikuwamo. Nikiwa Chuo Kikuu, sisi wanne tuliotoka shule hii tulifungua blogu yetu. Tuliandika kwanza katika daftari bwenini, kisha tukaenda kunakili kwenye duka la intaneti, maana dakika zililipiwa na mtandao ulikwenda mwendo wa kinyonga. (Kebo ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam Julai 2009.) Mwaka 2008 alipofariki mwalimu wetu wa Kiswahili, yule wa wino mwekundu, tuliandika tanzia fupi. Chini yake wakaja wanafunzi wake wa miaka ishirini. Mmoja alieleza jinsi mwalimu alivyomlipia nauli ya kwenda kumzika baba yake. Mwingine alikiri kuwa ndiye aliyekuwa akiuliza habari za nyama.

Baadaye sote tukahamia Facebook, halafu WhatsApp. Kampuni iliyotuhifadhia kurasa ikafunga kazi mwaka 2013. Onyo lilipelekwa kwenye anwani ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa akiifungua. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni, ada zake zikipita shilingi milioni mbili kwa jumla, wengi waliokuwa wamebaki na blogu waliweka kalamu chini.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Ofisini kwetu masijala hunitolea jalada la mwaka 1974 kabla chai haijapoa. Tanzia ya mwalimu wangu hakuna wa kunitolea. Nimejaribu kuyaandika upya maoni yale kwa kukumbuka, nikapata kumi na moja. Aliyeacha lake pale, na bado analikumbuka, tafadhali amwandikie Mhariri.