Moto wa Kiangazi Masasi na Newala

Mtu akisimama Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, mwezi wa Septemba, akatazama kusini uliko Mto Ruvuma, haikosi ataona moshi bondeni. Nchi ile hupata mvua ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kisha upepo wa kusi hukausha majani, na moto huanza. Wengi husema kwamba ukame ndio unaouleta. Sisi twaona kwamba ukame hutayarisha tu. Njia ya moto imekatwa na binadamu.

Chini, kuizunguka Masasi na milima yake ya mawe, ni nchi ya miombo. Miti imeachana, na katikati yake huota nyasi ndefu ambazo zikikauka hushika moto kwa cheche moja. Juu uwandani, wazee wa Kimakonde waliishi ndani ya vichaka vilivyosongamana, wakivumilia kuteremka genge kufuata maji, kwa kuwa udongo wa kichanga huimeza mvua. Katika kivuli kile nyasi hazistawi, na moto wa nyika mara nyingi hufia pembeni. Moto wa huko ulikuwa wa mkulima: alifyeka, akachoma, akapanda, kisha akakiacha kichaka kijirudie.

Mkorosho ulipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, vichaka vingi viligeuka mashamba ya kudumu. Kabla ya mavuno wakulima walipalilia chini ya miti ili korosho zinazoanguka zionekane. Na palizi hiyo, ingawa hapakuwa na aliyeiita kinga, ilizuia moto. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini, wengi wao mbali na mikorosho yao. Nyasi zikapanda, na moto ukazifuata: wa wawindaji wa panya na ndezi, wa warina asali, wa jirani asafishaye shamba.

Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Mwaka 1986/87 hazikufika 20,000. Hatusemi kwamba moto peke yake ulifanya hayo. Bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ulikwisha kuingia. Lakini ubwiriunga hutibiwa kwa salfa, na bei yaweza kupandishwa. Mkorosho ulioungua shina hupandwa upya, ukangojewa miaka. Tena korosho huanza kudondoka Septemba na Oktoba, miezi ile ile ambayo moto ni mkali kupita yote.