Mbwa Mwenye Karatasi

Kabla sijafika Kakuma nilikaa Nairobi miaka mitatu, nikitunza mbwa kwa tajiri mmoja. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alinionyesha faili. Ndani mlikuwa na kitabu cha chanjo na cheti chenye majina ya baba wa mbwa, mama yake, na mababu wa pande zote mbili. Mimi mfukoni nilikuwa na karatasi moja tu, nayo imekwisha muda. Vyeti vyetu viliungua pamoja na nyumba kule Uvira. Nikasema moyoni, kumbe mkubwa hapa ni yeye.

Mbwa huyo ni wa mbegu inayoitwa Rhodesian Ridgeback. Dume hufikia sentimita 69 begani na ana uzito wa kilo 36 hivi. Manyoya ni mafupi, rangi ya ngano. Alama yake iko mgongoni: ukanda wa manyoya yanayoelekea mbele, kinyume na mengine yote, kutoka nyuma ya mabega hadi karibu na nyonga.

Nilimwogopa wiki mbili, halafu tukazoeana. Habweki ovyo. Mgeni akiingia, yeye husimama katikati yake na watu wa nyumbani, anatulia, anaangalia. Ukimpiga unamharibu, maana hasahau, lakini ukimfundisha kwa upole tangu mdogo anakusikia. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa anakuwa mkali bure, kwa hiyo tulikimbia naye kila asubuhi. Chakula nilimgawia mara mbili, kwa sababu mbwa mwenye kifua kirefu hivi akila kingi kwa mara moja tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota, akafa siku hiyohiyo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haikurukwa.

Nilitaka kujua alikotoka, nikaanza kuuliza na kusoma. Mwanzo wake ni kwa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini kabisa mwa Afrika. Walikuwa na mbwa wenye ukanda huo mgongoni, wakilinda kambi na mifugo usiku. Mwaka 1652 Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema. Miaka ikapita, Wakhoikhoi wakapoteza malisho na ng'ombe, na mwaka 1713 ndui ikaua wengi wao. Mbwa wao wakabaki kwa walowezi, wakachanganywa na mbwa wa Ulaya.

Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili kaskazini, kwenye misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akazalisha nao mbwa wake wa kuwinda simba. Mbwa hakumuua simba. Kazi yake ilikuwa kumzunguka na kumchanganya mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922, hapo Bulawayo, Francis Barnes na wafugaji wenzake wakaandika sifa za mbegu hii, na jina wakalitoa kwa nchi yao, Rhodesia. Nchi hiyo tangu 1980 ni Zimbabwe, ila mbwa bado anaitwa Rhodesian. Mkhoikhoi hayumo kwenye jina hata kidogo.

Kuna jambo lingine lililonikosesha usingizi. Watoto wengine huzaliwa bila ukanda. Kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua hao wachanga, wazima kabisa, kwa kuwa hawakufanana na maandishi. Lakini mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba chembe za urithi zinazoleta ukanda ndizo zinazoongeza hatari ya ugonjwa fulani wa mbegu hii: tundu jembamba linalotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo. Linaingia uchafu, linaoza, mpaka daktari wa mifugo apasue. Yaani alama inayompa mbwa cheti ndiyo inayoweza kumuumiza, na yule waliyemkataa ndiye aliyekuwa na afya.

Ndugu zangu, simlaumu mbwa. Nilimpenda, na siku naondoka alinisindikiza mpaka getini. Ila kile cheti sikukiona tena kama zamani. Wakhoikhoi waliishi na mbwa hawa karne nyingi, na bado karatasi inahesabu kutoka 1922, kwa sababu ndipo mwenye kalamu alipoketi.

Hapa kambini niliitwa intavyuu. Nikaulizwa cheti cha kuzaliwa. Nikajibu sina, lakini naweza kutaja baba, babu, baba yake babu, na mlima alikozikwa kila mmoja. Kijana aliyenihoji alinisikiliza vizuri, kwa heshima. Halafu akaandika: hana hati.

Nyinyi mnaotuhoji, najua fomu ina nafasi ndogo. Naomba tu, yale majina yaandikeni hata pembeni.